Tarumbeta Tunalilipia, Mpigaji Tunamkataza

Leo sina mapishi wala mitindo ya mitandio. Nimerudi kutoka Kahama wiki mbili sasa, kifua kimenijaa, na mnanijua: kikinijaa lazima nikitoe, mkasirike msikasirike.

Nilikwenda kwenye harusi ya mtoto wa wifi yangu mkubwa. Kwa wasiofika huko, Kahama ni mji wa mkoa wa Shinyanga ulionenepa kwa dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu uko wilaya hiyo, wa Buzwagi ulikuwa pua na mdomo na mji mpaka ulipofungwa mwaka 2021, na ukikata kwenda kaskazini unaingia Geita yenyewe, kwa wachimbaji wakubwa na wadogo. Ndugu zetu wa Pemba wenye maduka ya vitambaa wanaujua mji huo kuliko mimi. Pesa ya huko ikija inakuja kwa kishindo, na ikiondoka haiagi.

Baada ya nikaha bi harusi akatolewa nje, matarumbeta yakaanza. Juu ya gari la wazi walikuwa wapigaji saba. Sita wanaume. Wa saba msichana, hijabu nyeusi imebanwa vizuri, mashavu yamevimba, tarumbeta limeelekezwa juu kama anamwita mtu aliyeko mbinguni. Alikuwa mdogo wake bi harusi! Alijifunza skuli, kwenye bendi ya gwaride, na siku hiyo kundi lilipungukiwa mtu mmoja akapanda yeye. Mashallah, alivyopiga. Wifi zangu walicheza mpaka kanga zikawadondoka. Na mimi nilicheza, siwafichi, na noti nilimtunza.

Usiku huo huo, sahani hazijaoshwa, mawifi wale wale wakamwekea kikao.

Mtoto ana miaka 19, amemaliza kidato cha sita, anataka kusoma muziki, tena khasa jazi. Na posa imekuja. Kijana ana makarasha mawili Nyarugusu, mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Si kijana mbaya, anasali, ana adabu. Lakini ameleta na sharti lake: tarumbeta liachwe, na kama ni chuo, yeye mwenyewe atamtafutia cha ualimu au uuguzi hapo hapo karibu, na ada atalipa. Mawifi wakaona neema imeshuka. Mmoja akamwambia, "Mwanangu, mume anakuchagulia chuo na anakulipia, unataka nini tena?"

Mtoto akanigeukia, "Anti, na wewe sema basi." Nikasema. Na hapa naendelea kusema.

Kwanza tuondoe hili la aibu. Tarumbeta si kitu kigeni kilichotuingilia jana. Ngoma ya beni ilianza huku huku pwani mwishoni mwa karne ya 19, watu wakiiga bendi za kijeshi za wazungu, ikasafiri bara na askari na wafanyakazi. Hata neno lenyewe la jazi, watu wa magharibi walilivaa zamani kama kanzu ya Idi. Kulikuwa na Tabora Jazz. Kulikuwa na Western Jazz, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 kwa jina la Jimbo la Magharibi, jimbo ambalo Kahama ilikuwa ndani yake enzi hizo. Kweli bendi zile zilipiga rumba na dansi zaidi kuliko jazi anayoitaka huyu mtoto, ile ya Wamarekani weusi, ambayo wimbo unajulikana lakini kila mpigaji anapewa nafasi ya kusema lake papo hapo. Na hilo nalo si geni kwa Wasukuma. Wanapokutana Bagika na Bagalu kushindana kwa ngoma, manju anatunga wa kumjibu mwenzake. Baba yake mtoto ni Msukuma, kayaona hayo tangu hajaota meno.

Najua swali linalokuja: muziki wenyewe je, kisheria? Mimi si mwanachuoni. Khitilafu ipo na ni ya zamani. Wapo wengi wanaoharamisha ala zote isipokuwa dufu, na wapo kina Ibn Hazm na Imamu Ghazali ambao hawakufunga mlango, Ghazali akataka tuangalie mahali, watu na kinachosemwa. Mwenye kushika kauli ya kukataza namheshimu kabisa. Ila aishike tangu asubuhi. Asiyaite matarumbeta saa tisa, akatunza noti, halafu saa nne ya usiku akageuka mufti kwa mpigaji. Kikao kile kilikuwa na wanawake kumi na moja, na wote nilicheza nao.

Sasa huyu mchumba na chuo chake. Ualimu ni kazi tukufu na uuguzi ndiyo usiseme. Lakini vyuo vile hakuvichagua kwa kuwa vinamfaa mtoto. Vilichaguliwa kwa kuwa viko karibu na makarasha. Na anayelipa ada peke yake ndiye pia anayeamua ada ikome lini. Nalijua hili kwa mwili wangu. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa ualimu nilipoolewa, nikaambiwa kwa upole kabisa, "Utamalizia ukishatulia." Sasa nina watoto wanne, wa mwisho yuko darasa la nne, na bado natulia. Bwana wangu ni mtu mwema na atayasoma haya, anajua sisemi uongo.

Kwa hiyo chuo achague nani, na kwa vipi? Mbona mchumba tunamchunguza mpaka babu yake wa tatu, lakini chuo tunakichukua kwa picha ya geti?

Siku ya pili nilikaa na mtoto barazani na simu yangu. Tulianza na chuo kimoja, sikitaji, kilichoandika kwamba kinafundisha muziki wa aina zote, jazi ikiwemo. Nikapiga. Nikauliza swali moja: nani anafundisha tarumbeta? Kimya. Halafu nikaambiwa mwalimu aliyekuwepo ameshaondoka na nafasi itatangazwa. Shoga zangu, swali hilo liulizeni kabla ya ada na kabla ya bweni. Jazi haisomwi kwa daftari. Anayefundisha kinanda hawezi kukufundisha kukaza midomo kwenye tarumbeta, na ukikosea miaka miwili ya mwanzo unalipa maisha yako yote.

Ukweli ni kwamba Tanzania hatuna chuo cha jazi tupu. Kuna TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, pazuri kwa anayetaka ngoma, maigizo na muziki kwa pamoja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha muziki ndani ya sanaa. Makumira ya Arusha ina shahada ya muziki na inasifika, ila ni chuo cha Walutheri. Sisemi hivyo kwa ubaya, nasema ili mtoto aende akijua anakwenda wapi na aulize mapema kuhusu Ijumaa yake na Ramadhani yake.

Mimi nilichompigia debe ni kwetu Unguja: chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2001 na kuanzia maisha katika jengo la zamani la forodha, Mizingani. Wifi yangu akacheka, "Huko si wanafundisha taarab?" Ndiyo, taarab, udhi, kanuni, fidla na ngoma zetu. Na ndiyo maana naupenda.

Sikilizeni kisa hiki. Mwaka 1958 Ahmed Abdul-Malik, Mwislamu wa Brooklyn aliyekuwa mpigaji besi wa Thelonious Monk, alirekodi sahani aliyoiita Jazz Sahara. Alichanganya saksofoni na udhi na kanuni. Alikuwa anatafuta sauti ambazo mtoto wa Mji Mkongwe anazisikia dirishani akila mandazi! Sikio lililolelewa kwenye makamu ni mtaji. Atakayetoka hapo kwenda kusoma jazi kwingine haendi mikono mitupu.

Na hapa kuna wanawake wa kumtazama. Siti binti Saad wa Fumba alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, wakati bibi zetu wengi hawakuvuka Chake. Mwaka 2009 Mariam Hamdani alianzisha Tausi, kundi la taarab la wanawake watupu, wapigaji kwa waimbaji. Mazoezi kwa kundi la wanawake, na usiku analala kwangu, chumba kimoja na binti yangu. Ni bweni gani litashinda hilo?

Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: mwanzoni mwa 2020 ilitangazwa kila mahali kwamba chuo hicho kinakaribia kufungwa kwa ukata. Kwa hiyo hata kwangu mimi mpiga debe, swali la pili ni hili: chuo chenyewe kinaishi kwa pesa ya nani, na mtoto atamaliza kabla haijakauka? Na swali la tarumbeta halina upendeleo. Nikifika naliuliza uso kwa uso.

Baada ya hapo, Mungu akijaalia, ni Afrika Kusini. Cape Town na Durban vyuo vikuu vyao vinatoa shahada ya jazi, na Durban ilianza tangu miaka ya 1980. Mawifi waliposikia Afrika Kusini wakashika vichwa. Lakini Cape Town ina msikiti tangu 1794 na ndiko alikotoka Abdullah Ibrahim, mpiga piano aliyesilimu akiwa tayari na jina duniani. Na Durban wako Waislamu wanaoitwa Wazanzibari mpaka leo, wajukuu wa watumwa walioachwa huru na kupelekwa kule kutoka Unguja kuanzia 1873. Hivyo msiniambie anakwenda porini.

Wasiwasi mmoja wa mawifi naukubali, tena kwa mikono miwili: baa. Huko kwenye miji ya dhahabu ukisema mwanamuziki, watu wanaona chupa na walevi wenye pesa ya jana. Ni kweli muziki mwingi wa moja kwa moja unapigwa huko. Lakini Yusef Lateef, Mwislamu aliyekulia Detroit, mmoja wa wakubwa kabisa wa saksofoni na filimbi, alifika mahali akakataa kupiga popote panapouzwa pombe. Hakufa njaa. Alikuwa na shahada ya udaktari wa elimu tangu 1975, akafundisha vyuoni, akapiga kwenye kumbi za heshima, akafariki 2013 akiwa na miaka 93. Angalieni: kilichompa nguvu ya kukataa ni elimu yake. Asiyesoma ndiye anayechukua kazi yoyote inayokuja, kwa masharti ya mwenye baa.

Na kama tatizo ni kwamba tarumbeta ni la kiume, Melba Liston alipiga tromboni, bomba kubwa kuliko hilo. Yeye ndiye aliyepanga muziki wa Uhuru Afrika ya Randy Weston mwaka 1960, sahani ambayo ndani yake Tuntemeke Sanga wa Tanganyika anazungumza Kiswahili. Nilimsikilizisha mtoto kwenye simu. Alirudia mara nne, kisha akakimbilia uani na tarumbeta lake, majirani wakakoma.

Imebaki pesa, na hapa ndipo nilipogombana kweli. "Pesa hatuna," wakasema. Jamani! Kamati ya harusi ilikaa wiki tano. Kulikuwa na mwenyekiti, mweka hazina, kundi la simu na mtu maalumu wa kuwasumbua wasiotoa. Yakapatikana mapambo, keki ya ngazi sita, sare za mawifi mara mbili, sendofu na kitchen party. Nilimuuliza mweka hazina mapambo peke yake yaligharimu nini, akanitajia, nikanyamaza nikahesabu: ni makadirio yangu ya ada na nauli ya mwaka mzima, na chenji. Maua yenyewe yalikuwa ya plastiki. Nikawaambia, kamati hiyo hiyo msiivunje. Badilisheni jina tu.

Na wewe mchumba wa Nyarugusu, kama kuna atakayekufikishia: hatukukatai. Tunakutaka usubiri, au uoe na uandike. Mtoto ana haki ya kuweka sharti wakati wa akdi kwamba atasoma chuo alichokichagua mpaka amalize. Maulamaa wamekhitalifiana juu ya nguvu ya masharti kama hayo. Mahanbali wanayapa nguvu zaidi, na sisi Mashafii wengi wetu tunasema hayamfungi mume sana. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba masharti yanayostahiki zaidi kutekelezwa ni yale yaliyohalalisha ndoa. Kwa hiyo lisemwe mbele ya wazee, liandikwe, na mashahidi watie saini. Mwanamume anayeona uzito kuandika alichokwisha kuahidi kwa mdomo, mimi namwogopa kuliko walevi wa Katoro.

Kijana ameomba siku kumi za kufikiri. Mtoto ameshajirekodi vipande viwili, kimoja cha kwaito alichokitaka yeye na kimoja cha taarab nilichomlazimisha mimi. Kamati inakaa Jumamosi baada ya laasiri kwa wifi yangu. Mchango wangu nimeshautuma kwa simu, na nimetaka jina langu lisomwe la kwanza, ili wa pili aone haya kutoa kidogo.