Tuulize Kilichoila Gia

Gari langu kuukuu limebadilishwa gia ya distribyuta mara mbili katika kipindi cha mwaka mmoja. Mara zote mbili fundi alinionyesha meno yaliyochongoka kama ya msumeno, akatamka neno moja tu: "Imelika." Kwa mwanaisimu, kitenzi hicho chastahili kutazamwa. Kauli ya kutendeka humficha mtenda. Imelika, naam, lakini imeliwa na nini?

Katika injini nyingi za zamani, distribyuta, yaani kile chombo kigawacho umeme kwa plagi, huzungushwa na kemshafti. Kemshafti imelala, mhimili wa distribyuta umesimama. Kwa hiyo meno ya gia zao hukatwa mshazari, nayo husuguana kwa kuteleza, utando mwembamba wa oili ukiwa ndio pekee utenganishao chuma na chuma. Isitoshe, katika injini kama ile ya V8 ya Chevrolet iliyotoka 1955, mhimili huohuo ndio uendeshao pampu ya oili. Mwenye kufunga pampu yenye nguvu kupita kiasi, au kuivurumisha injini ingali baridi, mzigo huo huyatwika meno ya gia moja ndogo.

Kisha yapo madini yasiyopatana. Gia ya chuma cha kusubu hukaa vyema na kemshafti ya chuma cha kusubu. Ikikutanishwa na ya feleji, huisha upesi. Hapo hutakiwa gia ya feleji iliyotiwa ugumu maalumu, au ya shaba nyeusi, ambayo hujitoa mhanga ili kuinusuru kemshafti na hivyo haina budi kukaguliwa mara kwa mara.

Kuhusu oili, wengi wetu hudhani kwamba iliyo mpya na ghali ndiyo bora. Sivyo daima. Zinki na fosforasi, vikingavyo vyuma visuguanapo, vilipunguzwa ili kuhifadhi kifaa cha kusafishia moshi katika ekzosi. Viwango vya Marekani vya 2004 viliweka kikomo cha fosforasi kuwa asilimia 0.08 katika oili nyepesi. Mwenye injini iliyotangulia viwango hivyo na asome maandishi madogo ubavuni mwa mkebe.

Kwangu mimi, mla alikuwa kemshafti yenyewe. Meno yake yalikwisha kuharibika, na kila gia mpya ilipowekwa ilitafunwa upya. Hakuna aliyeyamulika kwa tochi. Nami pia sikuuliza, licha ya shahada zangu.

Ukaguzi wenyewe si mgumu. Zima injini, fungua kifuniko cha distribyuta, izungushe rota taratibu kwa vidole. Springi huirudisha ikisogezwa upande mmoja. Ikicheza ovyo huku na huku bila kurudi, chomoa distribyuta uyatazame meno, ya gia na ya kemshafti pia. Ukirudisha, yapake mafuta mazito.

Nanyi walimu wa vyuo vya ufundi, mwanafunzi akiwaambieni gia imelika, msimpe alama mpaka amtaje mtenda.