Mikro Peke Yake Haichimbi Mufereji: Sababu Tumetoka ku Radio na Kuingia mu Komine

Wandugu, ba yaya na ba kadogo wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi,

Kuna swali linatufuata kila mahali, ku soko, mu taxi-bus, mpaka mu message za simu: "Mbona muliacha radio? Mulikuwa munasema vizuri. Leo tunawaona munatembea na makaratasi ku komine, juu ya nini?" Wengine hawaulizi, wanahukumu tu. Wanasema tumechoka kusema kweli, tumeuza mikro, sasa tunatafuta kiti. Tunajibu leo kwa maandishi, ili kila mutu asome na atupime.

Ni kweli, wengi wetu katika hii harakati tulikuwa waandishi wa habari. Tulisoma habari ya asubuhi, tuliongoza vipindi vya wanainchi kupiga simu, tulibeba kinasa sauti mu matope ya kartiye. Ile kazi tunaiheshimu. Serge Maheshe na Didace Namujimbo wa Radio Okapi waliuawa kwa risasi Bukavu, mmoja mwezi wa Juni 2007, mwengine mwezi wa Novemba 2008. Mwenye kusema mikro ni muchezo hajui hii inchi. Hatukutoka sababu kazi iko ndogo. Tulitoka sababu tuliona mahali nguvu yake inaishia.

Mahali mikro inaishia

Munajua namna inaendaka. Mvua inanyesha, mufereji umejaa takataka, maji inaingia mu nyumba. Mama mmoja anapiga simu ku radio, analia. Kesho yake tunamwita mukubwa wa komine mu studio. Anakuja na koti yake nzuri, anasalimia wasikilizaji, anasema "tuko mu mipango, mutuvumilie." Mwenye kuongoza kipindi anashukuru, muziki inapigwa, mpira inafuata. Mwaka unaofuata, mvua ile ile, mufereji ule ule, mama yule yule. Hata jibu ni lile lile.

Bakubwa wetu wameisha kuzoea radio. Zamani walikuwa wanaiogopa, leo wanajua kama kipindi ni saa moja tu, na ukivumilia saa moja umeokoka. Zaidi ya ile, radio inauliza "mutafanya nini?", na hilo ni swali rahisi kuliko yote, maana ya kesho kila mutu anaweza kuahidi. Swali lenye kuwatoa jasho ni lingine: "Mulifanya nini na makuta iliyoingia mwaka jana?" Hilo swali haliulizwi kwa sauti tu. Linaulizwa na karatasi ya bajeti mukononi.

Na tuseme pia jambo lenye kila mutu wa studio anajua. Kuna ile bahasha tunaita coupage. Vijana wengi wanafanya kazi ku radio miezi na miezi bila mushahara, wanakula kupitia mwenye kuwaalika ku sherehe yake. Basi mwenye makuta ya kuita waandishi njo mwenye kuchagua habari. Mwanasiasa akizindua bomba moja ya maji, ni habari ya kwanza. Avenyi nzima ikikaa bila maji, ni sekunde kumi mwisho wa habari, kama nafasi iko. Hatuwatupii lawama wale vijana. Lawama ni ya wenye radio, wengi wao wakiwa wanasiasa au marafiki wa wanasiasa, wenye wanajua kama mwandishi mwenye njaa hana maswali mingi.

Mahali makuta inapita

Sasa tuingie mu hesabu, maana hapa njo moyo wa hii maneno.

Kode ya madini iliyobadilishwa na sheria ya tarehe 9 Machi 2018 inasema wazi namna ya kugawa redevansi, yaani malipo ambayo kampuni inalipa juu ya madini inayouza. Kwa kila franga 100: franga 50 zinaenda kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 10 kwa mufuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa komine, sekta au sheferi yenyewe ambamo madini inachimbwa. Soma tena: 15 kwa komine. Si zawadi ya gavana wala huruma ya kampuni, ni sheria.

Shaba inalipa asilimia 3.5. Kobalti, tangu ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, inalipa asilimia 10. Na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika udongo wa inchi yetu, sehemu kubwa hapa hapa Lualaba na Haut-Katanga. Juu ya ile, kampuni inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa kazi za maendeleo ya wakaaji wa karibu. Na sheria ya 2008 juu ya komine, sekta na sheferi inazipa haki ya asilimia 40 ya fungu ambalo jimbo linapata ku mapato ya taifa.

Sheria hiyo hiyo inasema pia kazi ya komine ni nini: barabara ndogo na mifereji, soko za komine, takataka, karatasi za kuzaliwa za watoto. Ule mufereji wa yule mama si mambo ya Kinshasa! Ni ya ofisi ambayo anafika na miguu yake.

Kwa miaka tulisikia mu radio, asubuhi mpaka mangaribi, Kinshasa hivi, Kinshasa vile. Ni vizuri, Kinshasa pia ijibu. Lakini wakati sisi wote tunapigia kelele mutu mwenye kukaa mbali sana, komine iko inapitisha bajeti yake pembeni yetu, kimya, bila mutu wa avenyi mu chumba. Nani Dilala amekwisha kuona bajeti ya Dilala? Nani Manika anajua ni franga ngapi za redevansi ziliingia mwaka jana, na zilitoka kupitia mulango gani? Kama hakuna mwenye kujibu, kelele yetu yote ilipigwa ku mulango usiokuwa wake.

Kazi yetu sasa ni gani

Kutetea avenyi mbele ya komine haina utamu wa studio. Hakuna mwenye kukusalimia mu barabara sababu alisikia sauti yako. Ni kutembea nyumba kwa nyumba na kuuliza: shida ya kwanza hapa ni nini, na ya pili? Ni kukaa chini ya mti na ba mama wa soko na kuandika mambo watu wamekubaliana, si mambo sisi tunapenda. Ni kupeleka barua, kudai kopi yenye muhuri na tarehe, na kurudi. Halafu kurudi tena.

Ile muhuri iko na maana. Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kila Mukongomani, yeye peke yake au pamoja na wengine, anaweza kuandikia mamlaka petisyo, na mamlaka inapaswa kujibu katika miezi mitatu. Bila muhuri watasema hawakuona barua. Ukiwa na muhuri, siku ya 91 huombi tena, unadai. Kilio cha mu radio hakina tarehe ya mwisho, lakini petisyo iko nayo.

Na kuna kitu kipya ambacho wengi wamesahau. Tarehe 20 Desemba 2023, siku ile tulimchagua raisi na wabunge, mu miji mikubwa ya majimbo tulichagua pia bakonseye wa komine. Kwa miaka mingi sana bourgmestre alikuwa anatumwa na Kinshasa tu, hana deni kwa mutu wa hapa. Konseye yeye iko na deni: anakaa kartiye, tunamuona ku soko. Lakini uliza vijana kumi jina la konseye wao. Watakutajia mubunge, watakutajia mucheza mpira, konseye hapana! Mukubwa ambaye hakuna mwenye kujua jina lake anaweza kulala vizuri. Kazi yetu ni kumuamsha, kwa heshima, lakini kila wiki.

Kwa wale wanatuhukumu

Munasema tunatafuta kiti. Sheria yetu ni fupi: mwenye kutaka kugombea aseme mbele ya wote, aache jina la harakati, aende na jina lake mwenyewe. Haturuhusu mutu kupanda juu ya petisyo ya avenyi kama juu ya ngazi.

Munasema tunaua kazi ya habari. Hapana. Tunahitaji wenye kubaki ku mikro, na tunahitaji wakuwe wakali zaidi. Sisi tutawaletea bajeti, barua, muhuri, hesabu, na wao watauliza maswali ambayo mukubwa hawezi kuponyoka. Lakini mutu mmoja asivae koti mbili siku moja. Mwenye kuweka sahihi ku petisyo hawezi kusoma habari ya ile petisyo kama vile hana upande. Musikilizaji iko na haki ya kujua ni nani anasema naye. Njo maana sisi tulitoka kabisa, hatukubaki na muguu mmoja ndani.

Na sasa tuseme na ndugu zetu wengine waliotoka ku radio, wakaingia mu kabine ya bourgmestre, ya waziri wa jimbo, ya gavana, kama watu wa mawasiliano. Mukikutana nasi munasema: "Sisi wote tuko tunatumikia wanainchi." Hapana, wandugu. Tofauti iko wazi. Mutetezi anabeba neno la avenyi na kulipeleka ofisini. Ninyi munabeba neno la ofisi na kulipeleka avenyi. Njia ni moja, mizigo ni miwili. Muko na haki ya kulisha watoto wenu, hatuwadharau. Lakini musichukue jina letu. Mwenye mushahara wake unatoka mu mukono wa bourgmestre hawezi kumuuliza bourgmestre makuta iko wapi, na sisi tuna swali moja tu: makuta iko wapi?

Kwa ba papa na ba mama wenye kutuonya "mutakamatwa": asante kwa upendo wenu. Tunajua bei. Njo maana tunatembea na Katiba mukononi, tunaandika mbele ya kutembea, hatutupi jiwe, hatuvunji kitu cha mutu. Wakitukamata na karatasi yenye muhuri wao wenyewe, wao njo watapaswa kueleza.

Tunadai nini

1. Kwa ba bourgmestre na bakonseye wa komine zote zenye kupata redevansi: mubandike ku mulango wa komine, kila miezi mitatu, makuta iliyoingia na kazi iliyofanyika. Kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa peke yake. Mama wa soko analipa kodi mu Kiswahili.

2. Mbele ya kupitisha bajeti, muite mukutano mu kila kartiye, na tarehe itangazwe wiki mbili mbele.

3. Kwa wenye radio: mulipe vijana wenu. Na mutoe saa moja kwa mwezi kusoma bajeti ya komine hewani, mustari kwa mustari. Tutawaletea karatasi bure.

4. Kwa wewe kijana unayesoma hapa: mbele ya mwezi huu kuisha, tafuta jina la konseye wako, enda kumusalimia, umuulize swali moja tu lenye hesabu. Jibu lake uliandike na tarehe. Kama alikataa, andika pia kama alikataa.

Hatudanganyi mutu: kuna barua zetu zenye hazijajibiwa, na mufereji mmoja hauchimbwi na muhuri peke yake. Lakini ofisi ambayo inajua kama kuna mutu anahesabu siku haifanyi kazi sawa na ofisi yenye kusubiri tu muziki ipigwe ili kipindi kiishe.

Wale wenye sauti nzuri wabaki ku mikro, na wabaki wima. Wenye miguu ya nguvu waje, tembea iko ndefu. Komine ni yetu, makuta ni yetu, na hesabu pia tutaifanya sisi wenyewe.

Kongo mupya haitatangazwa mu habari ya asubuhi. Itajengwa avenyi kwa avenyi.

Tuko wima. Haturudi nyuma.