Fizikia ya Chembe Ianzie Chang'ombe

Wapo wanaobeza utafiti wa chembe za msingi kuwa ni anasa ya mataifa tajiri. Tuna haja gani, huuliza, na handaki la CERN la kilomita 27, ambako chembe ya Higgs iligunduliwa mwaka 2012? Jibu lipo Ocean Road, ambako wagonjwa wa saratani hutibiwa kwa mashine zinazoharakisha elektroni. Mashine hununuliwa, weledi haununuliwi. Lengo letu, basi, lisiwe kuchimba handaki, bali kulea vijana watakaotafiti bega kwa bega na wenye mahandaki. Vijana hao watafundishwa na walimu wanaoandaliwa hapa Chang'ombe, DUCE. Kumpeleka mwalimu huyo katika shule isiyo na maabara ni kumtuma kuteka maji kwa pakacha. Bajeti ya sayansi ianzie hapo.