Kazi haiulize kabila wala myaka

Baba moja wa hapa Kirolirwe alienda kuomba kazi ya kutengeneza mashini kwenye kampuni ya migodi. Kazi hiyo ameifanya myaka 20, na vyeti anavyo. Mutu wa biro alisoma jina lake, akamwuliza: «Wewe ni wa kabila gani?» Kiisha akaangalia mwaka wa kuzaliwa: «Mzee, tunatafuta vijana.» Hakupewa barua yoyote. Alikuja kwetu na swali moja: «Naweza kushitaki?»

Sisi wa sendika tunamjibu mbele ya wote, juu swali hili si lake peke yake.

Ndiyo, haki iko. Katiba ya 2006, artikle 13, inakataza kumtenga Mukongomani kwa sababu ya rangi, kabila, jamaa au mahali anapokaa. Artikle 36 inasema hakuna mutu wa kuumizwa katika kazi juu ya asili yake. Tena, mwaka 2001 nchi yetu ilikubali mapatano nambari 111 ya Shirika la Kimataifa la Kazi, na mapatano hayo yanagusa hata mutu anayetafuta kuingia kazini.

Lakini tusidanganyane, matundu ni mawili. La kwanza: katika artikle hizo mbili, umri hautajwi. La pili: njia ya kawaida, kupita kwa enspektere wa kazi mbele ya kufika tribinali ya kazi, ilitengenezwa kwa ugomvi wa mfanyakazi na patro wake. Aliyefukuzwa mlangoni hana kontra. Anabaki na Katiba mkononi, bila karatasi ya kuonyesha alichoambiwa.

Majirani wetu wameona mbali. Sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 inataja kabila, mahali mutu anapotoka, rangi na umri pia. Inamhesabu anayeomba kazi sawa na mfanyakazi, na akileta alama za kwanza za ubaguzi, patro njo anapaswa kueleza. Huko Afrika Kusini, mwaka 2000, Mahakama ya Katiba iliamuru kampuni ya ndege South African Airways imwandike kazi mutu ambaye ilimkataa juu ya virusi vya ukimwi. Hakuwa na kontra, na alishinda.

Wengine watasema kazi ya mugodi inaomba nguvu. Kweli. Basi munganga ampime, na mashini aitengeneze mbele yenu. Mwaka wa kuzaliwa haupimi mikono.

Na sisi wenyewe tujiangalie. Rubaya ao Bisie, nani kati yetu hajasikia kiongozi wa shimo akisema «leteni watu ya kwetu»? Masisi na Walikale tunajua bei ya maneno hayo, tumewazika watu juu yake. Shimo likibomoka halichague Muhunde, Muhutu, Mututsi ao Munyanga.

Tunaomba kampuni zibandike kazi mahali pa wazi, ziache kuuliza kabila, na zijibu kwa barua. Tunaomba wabunge waandike neno «umri» katika sheria ya kazi.

Na wewe ndugu, wewe mama ambaye kijana wako anatembeza dosie: chunga kopi ya barua ya kuomba kazi. Omba wakupigie kashe siku unapoiweka. Wakikukataa, andika siku ileile tarehe, jina la aliyekupokea na maneno aliyosema, pamoja na majina ya waliosikia. Kiisha leta kwa sendika. Yule baba alikuja bila karatasi hata moja, na hapo njo tunashindwa kumsaidia. Wa kesho asikuje mikono mitupu.