Kupanga, Kupangua na Kukubaliana

Ndugu msomaji, zipo kauli mbili za vitenzi vyetu ambazo, kwa maoni yangu, zinatosha kumfunza mtu namna ya kuishi na mwenzake. Ya kwanza ni kauli ya kutendua: funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua, panga, pangua. Ya pili ni kauli ya kutendana: penda, pendana, elewa, elewana, kubali, kubaliana. Nilizijua tangu shuleni. Sikuzielewa mpaka nilipokwama Magindu.

Mimi na mke wangu tulikuwa tumepanga siku tatu za mapumziko Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Ilikuwa safari yetu ya kwanza ya wawili bila watoto kwa muda mrefu. Tukakubaliana kwamba njiani tupitie Magindu, huko Kibaha Vijijini, tumjulie hali mama yake mkubwa. Tungelala usiku mmoja, kisha tuendelee. Tukaiacha barabara kuu ya Morogoro, tukapanda bodaboda, tukafika salama, shikamoo ikatolewa na marahaba ikaitikiwa. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi njia ilikuwa tope tupu, na kijana wa bodaboda akatuambia waziwazi kwamba hapakii mtu siku hiyo.

Wengi wetu tungejifariji kwa kusema, “mipango si matumizi.” Ni msemo mzuri, lakini umeishia nusu ya njia. Unatueleza kwamba mpango unaweza kuvunjika. Hautuelezi nani ana haki ya kuutengeneza upya. Hapo ndipo nilipokosea. Nilikaa barazani nimenuna, nikahesabu fedha tulizotanguliza kwa ajili ya chumba, halafu nikatamka kama hakimu: “Kesho njia ikikauka tunarudi Dar. Safari imekwisha.”

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua sauti. “Mume wangu,” alisema, “tulipanga wawili. Mbona unapangua peke yako?”

Sikuwa na jibu. Mvua ilikuwa imepangua sehemu moja tu ya mpango wetu, nayo ni barabara. Sehemu iliyobaki, yaani siku tatu za kuwa pamoja, niliipangua mimi, tena bila kumuuliza aliyeipanga nami.

Kupangua kwenyewe si kosa. Anayefumua mkeka uliokosewa hautupi ukindu; anaurudisha mikononi ili asuke tena. Washairi tunalijua jambo hili kuliko wengi. Neno likizidi mizani tunalifupisha, na tunaita inkisari. Likipungua tunalirefusha, na tunaita mazida. Hatulitupi shairi zima kwa sababu ya silabi moja iliyogoma. Kwa nini basi mtu mwenye uvumilivu huo mbele ya karatasi aukose mbele ya mwenzake?

Nadhani sababu moja ni kwamba tumeanza kuyapima maisha ya nyumbani kwa ratiba ya reli. Reli ya zamani, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya reli ya kisasa hubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na vituo vya njiani ni Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Magindu haimo katika orodha hiyo. Ni fahari yetu kuwa na treni inayotunza saa, nami huipanda kwa furaha. Lakini nyumba haiwezi kuendeshwa hivyo. Nyumbani kuna mtoto anayepata homa usiku wa kuamkia safari, mgeni anayebisha hodi wakati chakula kimepimwa, na ada ya shule inayomeza fedha za likizo. Ndoa isiyo na kituo cha Magindu itaumia siku itakapolazimika kushuka hapo.

Hata hivyo, sitaki nieleweke vibaya. Wako watakaosoma maneno haya na kuhitimisha kwamba dawa ni kukubali tu. La hasha. Mara nyingi anayetakiwa “kukubali” ni mmoja, tena yule yule kila mara, na aghalabu ni mke. Mume akibadili mpango tunasema ameamua; mke akibadili tunasema ameghairi. Kitendo ni kile kile, ila mmoja kapewa neno la heshima na mwingine neno la lawama. Na mke akinyamaza tunasema amekubali, ilhali kunyamaza na kukubali ni vitenzi viwili tofauti. Ndiyo maana nasisitiza kauli ya kutendana. Kukubali huweza kufanywa na mtu mmoja aliyechoka kubishana. Kukubaliana hakuwezekani bila wawili.

Basi nikamuuliza mke wangu alichokuwa napaswa kuulizwa tangu asubuhi: yeye anataka nini? Akasema anataka kubaki. Mama yake mkubwa amezeeka, na hajui kama atapata tena siku tatu za kukaa naye. Uluguru, alisema, haihami. Tukabaki. Nilimenya mihogo. Nilipewa mchi nikajaribu kutwanga kisamvu kwa zamu na mke wangu katika kinu kimoja, nikagundua kwamba usipomsikiliza mwenzako michi hugongana. Mama alicheka hadi akafuta machozi. Jioni nikaandika ubeti huu, nao nauweka hapa ulivyo:

Mipango tuliipanga, ya Moro kufika sote,
Mvua ikatufunga, tope likajaa kote,
Kwa hasira nikalonga, turudi tuache vyote,
Wawili wakijiunga, hupita mahali pote.

Wenye jicho la mizani wataona kwamba Morogoro imekuwa Moro ili mshororo utoshe. Mji haukupungua kwa hilo. Nasi hatukupungukiwa kwa kutofika.

Fedha za chumba hazikurudi, na sitadai kwamba hazikuniuma. Lakini tangu siku ile nyumbani kwetu kuna desturi ndogo: jambo likiharibika, hakuna anayetamka uamuzi kabla ya kuuliza, “Wewe unaonaje?” Ni maneno mawili tu. Nawasihi wenzangu wenye kalamu na wasio nayo wayajaribu kabla ya kununa.