Ngao ya Makabaila wa Pamba

Wako waandishi ambao hata leo hung'ang'ania kwamba majimbo ya Kusini ya Marekani yalijitenga mwaka 1860 na 1861 ili kutetea haki za majimbo dhidi ya serikali kuu yenye uchu wa madaraka. Hadithi hiyo ilifundishwa kwa miaka mingi katika shule za Marekani kwenyewe. Ni uongo mtupu, na wanaoukanusha ni makabaila wa pamba wenyewe kwa hati zao.

Ni kweli kwamba walihubiri mipaka ya serikali. Mwaka 1832 jimbo la South Carolina, likifuata mawazo ya John C. Calhoun, lilijitangazia uwezo wa kubatilisha sheria ya ushuru ya serikali kuu. Lakini watumwa walipozidi kutorokea Kaskazini, serikali hiyo hiyo iliyoitwa dhalimu ilitakiwa iwe na mkono mrefu. Sheria ya Watumwa Watoro ya mwaka 1850 ilimkataza mtu aliyekamatwa kutoa ushahidi wake mwenyewe. Raia ye yote aliweza kuamriwa asaidie msako. Ofisa aliyesikiliza shauri alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, na dola 5 akimwachia huru! Ati hiyo ndiyo serikali yenye mipaka.

Mwaka 1854 Anthony Burns alisindikizwa na askari wenye silaha katika mitaa ya Boston hadi melini, akarudishwa Virginia, huku umati wa wakazi ukipiga kelele za kupinga. Mahakama Kuu ya jimbo la Wisconsin ilipoitangaza sheria hiyo kuwa batili, Mahakama Kuu ya Marekani iliutangua uamuzi huo mwaka 1859. Haki za majimbo zilikuwa wapi siku hiyo? Makabaila hawakuzililia.

Tena, tamko la South Carolina la Desemba 1860 halikulalamika kwamba serikali kuu ina nguvu mno. Lililalamika kwamba majimbo ya Kaskazini yamekataa kurudisha watoro. Na katiba ya shirikisho lao ya mwaka 1861 ililikataza Bunge kutunga sheria ya kuondoa umilikaji wa watumwa, kisha ikampa kila raia haki ya kuingia na watumwa wake katika jimbo lo lote la shirikisho, jimbo lenyewe litake lisitake.