Nani Atajua Kwamba Uvimbe Umerudi?

Mjadala wa kuwaingiza watoto wa Kanda ya Ziwa katika majaribio ya tiba mseto, wale ambao uvimbe wa ubongo umewarudia, una kambi mbili, na zote mbili zimenichosha. Moja inasema watoto wetu si panya wa majaribio. Nyingine inaitazama Marekani, iliyoidhinisha mwaka 2023 mseto wa dabrafenib na trametinib kwa watoto wenye glioma za daraja la chini zenye badiliko la BRAF V600E, na kuuliza tutaachwa hadi lini. Wote wanabishania dawa. Mtoto wa Nyarugusu au Kakola atajulikanaje kwamba uvimbe wake umerudi? Hapo kimya.

Mara ya kwanza anaamka kichwa kinamuuma, anatapika, ikifika saa nne anacheza na wenzake. Zahanati inampima malaria. Makengeza yakianza na mwendo ukiyumba, anapelekwa kwa mganga. Tuseme amebahatika: amefika Hospitali ya Bugando, Mwanza, amepata rufaa, amepasuliwa, amerudi nyumbani. Baba ni mchimbaji mdogo. Dhahabu imelipuka Mbogwe, familia imehama, laini ya simu imebadilishwa. Miezi michache baadaye kichwa kinaanza upya. Daftari la kliniki linasema hajahudhuria. Mtoto huyo hakuna jaribio litakalompokea, kwa sababu kwenye kumbukumbu zetu uvimbe wake haujawahi kurudi.

Waliotutangulia walilijua hili. Kituo cha tiba ya limfoma kilipofunguliwa Mulago, Kampala, mwaka 1967 chini ya John Ziegler, kilijaribu dawa moja moja na kwa mseto kwa watoto wenye limfoma ya Burkitt, saratani ambayo madaktari wa Mwanza wanaikuta hadi leo. Wapo ambao iliwarudia, wengine kwenye mfumo wa fahamu, wakatibiwa tena. Hilo liliwezekana kwa kuwa watoto walifuatwa hadi vijijini kwao. Historia imezipa dawa sifa zote. Waliokwenda vijijini wanastahili nusu yake.

Wala tusiambiwe Kanda hii haina uwezo. Jaribio la DoRIS, lililoanza Mwanza mwaka 2017, liliandikisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 na kuwafuatilia kwa miaka ili kuona kama dozi moja ya chanjo ya HPV inatosha. Aprili 2024 Tanzania ikahamia dozi moja. Lakini wasichana wale walipatikana shuleni, mjini. Familia inayofuata machimbo haikai pahali pamoja kumsubiri mtafiti, na mpango wa utafiti usioandikwa kwa ajili yake umemtoa mtoto wake kabla ya kuanza.

Ndiyo maana toleo hili la jarida linafunguliwa na makala ya ufuatiliaji, ingawa wapo waliotaka vipimo vya jeni vitangulie. Makala ya jeni ni nzito na isomwe taratibu. Ile ya ridhaa inakumbusha, kwa haki kabisa, kwamba fomu ya Kiswahili haimfai bibi anayezungumza Kisukuma tu. Ya tibamionzi ni fupi na inajitosheleza.

Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na mgonjwa wa Geita anayekwenda Mwanza hasubiri tena kivuko. Iliyobaki ni nauli, na mtu wa kumtafuta mtoto asipotokea. Fedha ipo jirani. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mwenye leseni ya uchimbaji anatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Madiwani wa Geita na Msalala wanajua kuombea madarasa. Wawaombee na watoto hawa: nauli ya mtoto na mlezi, na mhudumu mwenye pikipiki anayezijua njia za machimboni.

Kwa wajumbe wa kamati za maadili nina ombi moja. Andiko la jaribio la tiba mseto kwa watoto wa Shinyanga na Geita likifika mezani kwenu bila fungu la nauli na bila mfuatiliaji, lirudisheni kwa mwenyewe, hata dawa yake ingekuwa nzuri kiasi gani.